Rejime Gani?

Ukiambiwa na daktari ufuate rejime, usitoke mlangoni kabla hujamuuliza ni rejime gani. Uliza mbele ya watu, hata kama waliokaa kwenye benchi watakucheka. Mimi sikuuliza, na leo kila jozi ya viatu nyumbani kwangu ina kimoja kisichochakaa.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyetoka kupimwa juzi, umekaa na karatasi usiyoielewa, na watu wa nyumbani wanakutazama kama wanaokuaga. Namna sukari inavyofanya kazi mwilini siijui, waulize waliosomea. Mimi ni fundi wa nguo. Nitakueleza yaliyonipata, na ukiniona mjinga, ruksa.

Kwanza neno lenyewe. Hapa Uvira rejime ni mkungu wa ndizi. Tulizaliwa tukalikuta hivyo. Ukisimama sokoni Mulongwe ukauliza rejime hii ni ya nani, mwenye ndizi atakuitikia. Kwamba kuna rejime nyingine ya Kifaransa, ile ya mgonjwa kupangiwa ale nini na aache nini, hilo sikulijua. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini siku zote nimependa watu wafikiri niliimaliza. Kumbuka hilo, maana ndio mzizi wa yote.

Kibanda changu cha kushonea kiko Kimanga. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, imezeeka kuliko binti yangu Neema. Nilikuwa mnene. Kwetu unene si aibu, ni ushahidi. Mteja akimwona fundi ana tumbo, anajua kazi inaendelea. Mke wangu, Mama Neema, alinipikia bugali la kujaza sahani hadi ukingoni, na juu yake chupa ya sukre, soda ya machungwa, mchana na jioni. Nikimaliza nalegeza mkanda, natoa sauti, naye anafurahi. Tulikuwa tunapendana kwa namna hiyo.

Kiangazi kile nikaanza kupungua. Nilijipima kiuno kwa utepe wangu mwenyewe nikaikaza suruali. Wiki chache baadaye nikaikaza tena. Mara ya tatu mifuko ya nyuma ilikuwa imekaribiana hadi inagusana, nikajua hapa pana jambo. Kiu nayo, yo! Nilikunywa maji ya dumu zima na mdomo bado mkavu. Wateja wakaanza kunong'ona. Unajua mtu akikonda ghafla watu wanataja ugonjwa gani. Jirani mmoja aliyezoea kunipa chai katika kikombe chake akaanza kusema vikombe vimepasuka.

Mama Neema alivumilia, halafu siku moja akaweka sufuria chini.

"Baba Neema, twende bakupime. Kama ni ile ugonjwa banasema, tujue. Kama haiko ile, tujue pia."

"Minye siko mugonjwa. Ni joto tu."

"Joto njo inakunja suruali?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yangu alikuwa akisema hivyo. Nilikwenda. Tuliketi kwenye benchi ndefu ya hospitali tangu asubuhi, kila mmoja na kipande cha katoni chenye namba. Mzee aliyekuwa mbele yangu alikuwa anasinzia, na kila akiinama katoni yake inaanguka, nami naiokota. Nilifanya hivyo mara nyingi kwa sababu ilinipa kazi ya kufanya badala ya kuogopa. Zamu yangu ilipofika muuguzi alinichoma kidole, akasubiri kile kimashine kiseme, akakiangalia mara mbili.

"Papa, hii haiko ile ugonjwa batu banaogopa," akasema. "Ni diyabeti. Iko na sukari mingi mu damu."

Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa nimejiandaa kufa, na mtu ananiambia nina sukari!

"Utakunywa hii dawa asubuhi na magaribi. Na utafuata rejime. Rejime kabisa, Papa, kila siku. Bila rejime dawa haitasaidia. Unasikia?"

"Rejime, bila shaka, Mama Munganga," nikamjibu, na ile herufi r nikaitoa kooni kama watu wa ofisini.

Alikuwa amefungua mdomo kuongeza kitu, nafikiri. Lakini mimi nilikwishasimama na kofia mkononi, naye akaona mbele yake mtu anayejua mambo, akaita namba iliyofuata.

Nje Mama Neema akaniuliza amesema nini. Nikamweleza dawa, nikamweleza rejime.

"Rejime ya nini?"

"Ya nini? Ya ndizi! Weye uliona rejime ingine wapi?"

"Ndizi inaponesha sukari?"

"Kama munganga amesema, weye ni nani?"

Mke wangu aliuliza. Mimi sikuuliza, yeye aliuliza, na nilimnyamazisha. Yashike hayo maneno, kwa sababu baadaye niliyaficha.

Jioni ile alimpigia simu mama yake. Sasa ni lazima nikueleze kuhusu huyu mama. Anaishi Kiringye, huko kwenye bonde la Ruzizi. Ni mjane, mkulima wa mihogo na mpunga, na watoto wangu wanamwita Koko, yaani bibi yao. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawaonani wakila. Miaka yote tangu nimwoe binti yake, sikuwahi kutafuna kitu mbele ya Koko wala yeye mbele yangu. Nikienda kwake natengewa chumba cha mbele, naye anapita uani akiwa amejifunika kikwembe usoni. Salamu zetu ni fupi, za pembeni. Basi mtu kama huyo, ambaye hawezi kuketi nawe sahani moja, atakuonyeshaje kwamba anakupenda? Anakutumia chakula. Ndiyo lugha pekee tuliyokuwa nayo. Mchele mpya ukitoka, gunia la kwanza ni la mukwe.

Aliposikia mkwe wake anahitaji rejime ili apone, Koko hakuuliza mara mbili. Ndizi za vilima vya Lemera zinateremka hadi Kiringye, na kila Jumatano akawa anaweka mkungu kwenye lori linalokuja mjini. Si ndizi za kupika. Kamaramasenge, zile ndogo tamu, kwa sababu mgonjwa hapewi kitu kigumu. Zilifika zimefungwa majani makavu, kila kamba imekazwa kwa mkono wa mtu anayeomba.

Nilikula. Loo, nilikula kwa imani! Asubuhi kichana kizima, mchana badala ya bugali, jioni tena. Hata sukre niliiacha, nikajisifu kwa nidhamu yangu. Mwili ukazidi kukauka, macho yakawa yanaona ukungu kwenye tundu la sindano, nami nikasema dawa inapigana na ugonjwa. Wiki nilipojisikia vibaya zaidi nilimwagiza Koko aongeze. Wiki ile alituma mikungu miwili.

Sijui sindano ilianguka lini. Fundi anaangusha sindano kila siku, na nilikuwa nakanyaga cherehani bila kiatu, mguu wa kulia, kama nilivyozoea. Neema ndiye aliyeona alama nyekundu kwenye kikanyagio akasema, "Papa, nani alimwanga rangi hapa?" Niliinua mguu. Sindano ilikuwa imezama kwenye unyayo, imebaki tundu lake tu nje, na sikusikia chochote. Hata kuitoa sikusikia. Nilicheka, nikawaonyesha wateja: tazameni, sasa nimekuwa chuma.

Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka. Mguu ulikuwa na harufu. Mama Neema alikuwa akiuosha kwa maji ya chumvi na kugeuzia uso pembeni ili nisimwone, nami nilimwona.

Tulirudi hospitali mvua ya kwanza ilipopiga. Benchi ile ile, katoni zile zile zikiwa zimelowa. Muuguzi yule yule akanichoma kidole, na kimashine safari hii hakikutoa namba, kilitoa maandishi: sukari imepita uwezo wake. Akanitazama.

"Papa, rejime unafuata?"

"Kila siku. Hata siku moja sijaruka."

"Unakulaga nini?"

"Si rejime? Kamaramasenge. Asubuhi, midi, magaribi. Mama mukwe ananitumia, sasa tumefika mbili kwa juma."

Benchi nzima ilinisikia. Mmoja alianza kucheka, na kicheko kikapita kwa watu kumi kama moto kwenye nyasi. Nilicheka nao kidogo, sikujua tunacheka nini. Muuguzi hakucheka. Aliweka kalamu mezani, akajishika paji la uso, akasema taratibu, "Rejime ya kupunguza, Papa. Ya kupunguza sukari. Weye umekuwa unakula sukari siku nzima." Kisha akaufungua mguu, na waliokuwa wakicheka wakaziba pua.

Nitapita haraka hapa, maana sipendi kukaa. Walianza kwa kukata vidole viwili. Siku zikahesabiwa kwa bandeji: ya asubuhi, ya jioni, na ile siku daktari mwenyewe anapokuja kuangalia huku akizungumza juu ya kichwa changu. Mto Mulongwe ulifurika majuma yale, na kulikuwa na siku Mama Neema alifika mchana na sketi imeloa hadi kiunoni, sufuria ya uji kichwani. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mvuvi mmoja mkimya sana, alikuwa akinigawia maji yake bila kuombwa, na alikuwa akinifukuzia nzi kwa kofia yake ninapolala. Jina lake sikulijua hadi walipomtoa akiwa amefunikwa. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa hilo.

Halafu wakasema mguu. Chini ya goti. Nililia nikiwaomba wanikate mkono wa kushoto badala yake, kana kwamba ni biashara. Mguu wa fundi ndio injini! Daktari akanisubiri nimalize kulia, akasema ama mguu ama mimi.

Siku ya nne baada ya kukatwa, Koko alikuja. Hakuna aliyemwambia ukweli wa rejime. Alikuwa amesikia tu kwamba mkwe wake amelazwa, akapanda lori na mzigo wake. Alisimama mlangoni mwa wodi, kikwembe kimefunika nusu ya uso kwa heshima, na kichwani, Mungu wangu, alikuwa na mkungu wa ndizi.

Nilimwona na hasira ikanipanda.

"Ondoa!" nikapiga kelele. "Ondoa ndizi zako! Ndizi zako njo zimenikata muguu! Umekuja kumalizia na huu mwingine?"

Wagonjwa wote waligeuka. Koko aliuteremsha mkungu polepole, akauweka sakafuni kama mtu anayelaza mtoto. Akamtazama binti yake. Mama Neema angeweza kusema pale pale, mama, neno lilitoka kwa huyu. Hakusema. Hakutaka kuniaibisha mbele ya watu nikiwa nimetoka kukatwa, na mimi nilijua hatasema, na nilinyamaza. Koko akavuta kikwembe hadi kikafunika uso wote, akageuka akaondoka akipapasa ukuta.

Kupapasa ukuta! Nilifikiri ni huzuni tu.

Nyumbani palikuwa pabaya kuliko hospitali. Hospitali unasubiri kutoka; nyumbani unasubiri nini? Mama Neema alikuwa amekaa na yule muuguzi akaandikiwa kila kitu, safari hii kwa Kiswahili. Akaanza kunipikia lengalenga, huo mchicha wetu, sombe ya majani ya mihogo yenye mafuta machache, maharage, dagaa wabichi tunaowaita ndagala, na bugali kiasi cha ngumi. Ngumi! Nilikitazama kile kijibonge nikasema hata kuku wangu hakiwatoshi.

"Minye ni mbuzi? Majani asubuhi, majani magaribi?"

"Kula, Baba Neema."

"Hii ni chakula ya kifungo."

Siku moja nilirusha sahani. Lengalenga ikabaki imeng'ang'ania ukutani. Mama Neema aliusafisha ukuta wote, akaja kuketi mbele yangu.

"Weye unakula sawa muntu anafanya kifungo," akasema. "Unahesabu siku. Sasa niambie, siku gani utatoka? Hii haina siku ya kutoka. Mupaka ukipenda kuishi humu ndani, njo utaishi."

Kisha akasema lingine, kwa sauti ya chini. "Na tangu siku ile ya opitali, mama hajatuma hata jani moja."

Nilijifanya sikusikia.

Sikubadilika kwa maombi wala kwa hotuba. Nilibadilika kwa chaki. Nilikuwa nimerudi kibandani. Neema alinisaidia kuzoea kukanyaga kwa mguu wa kushoto, na mshono ukawa unakwenda upande kama mlevi. Mchana mmoja chakula kililetwa nikiwa napima kitambaa, chaki mkononi, kitambaa kidogo na mteja anataka gauni kubwa. Hapo fundi halalamiki. Anageuza, anapima, anatafuta gauni lilipojificha. Nikaitazama ile sahani ya bati, ikiwa bado tupu kando ya sufuria, nikasema, na hii je? Nikapiga mstari katikati. Nusu nzima majani. Nusu ya pili nikaikata tena: huku bugali, huku samaki au maharage. Nikapakua ndani ya mistari. Ilijaa! Wallahi, kwa macho ilikuwa sahani iliyojaa. Nikala polepole nikiwaza mshono, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba Mama Neema anatia kitunguu na nyanya kidogo katika lengalenga, na kwamba ni tamu.

Nilimwambia jioni. "Ile lengalenga uliweka nini?"

"Kila siku naweka," akajibu. "Njo leo umekuja kula."

Tukakubaliana neno rejime lisitajwe tena nyumbani. Tukaiita kipimo, kama kipimo cha nguo. Kipimo si adhabu. Hakuna mtu anayechukia suruali kwa sababu imemkaa vizuri. Mama mmoja anayeuza samaki ufukweni akawa ananiwekea mikeke wawili wadogo, akisema, hawa ni wa kipimo cha fundi. Zipo siku nilishindwa. Kwenye harusi moja nilikunywa sukre tatu nikijificha nyuma ya hema kama mwizi, kisha nikaumwa siku mbili na nikastahili. Lakini kesho yake nilichukua chaki. Hiyo ndiyo siri yote niliyo nayo, usitafute nyingine.

Mihogo ilipokuwa inavunwa, simu ikaja kutoka Kiringye. Koko ameacha kutoka nje. Mama Neema akaenda, akakaa siku tatu, akarudi amevimba macho.

"Haoni," akasema. "Kila kitu kwake ni giza. Bamempima. Ni sukari, Baba Neema. Sawa weye."

Nikakumbuka mkono wake ukipapasa ukuta wa wodi.

"Dawa anakunywa?"

"Anakataa. Bamemwambia afuate rejime, akapiga kelele. Anasema rejime ilikata mukwe wangu muguu, minye niliituma na mikono yangu, sasa Mungu ananilipa. Hakule kitu ingine. Anakula bugali na chumvi tu, anasema njo inamtosha muuaji."

Alilitamka hilo neno la mwisho bila kunitazama. Hakuniambia nenda. Muda wote ule hakuwahi kuniambia, ulinyamaza, na hata siku ile hakusema. Angesema ingekuwa nafuu.

Kesho yake nilifungwa kwenye pikipiki, magongo yangu yamelazwa mapajani, begani mfuko wenye sahani mbili za bati, mboga, ndagala waliopikwa na bugali lililofunikwa. Barabara ya bondeni nilikuwa sijapita tangu nina miguu miwili. Kwenye kila kizuizi askari waliuliza ninabeba nini, nikasema chakula cha mama mkwe, wakacheka wakanipitisha.

Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, ndani. Alikuwa amebaki mdogo. Aliposikia gongo langu mlangoni alijua, akavuta kikwembe usoni kwa haraka.

"Mukwe? Usiingie huku. Kaa mbele, batakuletea kiti."

"Nimeingia, Mama."

Niliteremka hadi kwenye mkeka. Kuteremka ni kazi kwa mtu wa magongo, alisikia yote, nami nikamsikia akikaza pumzi.

"Mama, nimekuja kusema. Munganga alisema rejime. Haikuwa ya ndizi. Ilikuwa ni kupunguza chakula ya sukari. Minye sikuelewa na sikuuliza, sababu nilikuwa na kiburi. Mutoto wako aliniuliza ni rejime ya nini. Minye njo nilisema ya ndizi. Minye na kinywa hiki. Halafu mu opitali nikakutupia weye, mbele ya batu. Weye ulituma kile nilichoomba."

Nje kuku walikuwa wanachakura. Nikafikiri atanifukuza, na haki ilikuwa yake.

"Mara mbili ulisema nizidishe," akasema mwishowe.

"Mara moja, Mama. Lakini ndiyo, nilisema."

"Nilifurahi siku ile." Akakunja ncha ya kikwembe mkononi. "Nilisema, mukwe anapenda ndizi yangu."

Nililia. Mtu mzima, mbele ya mama mkwe, nililia na makamasi. Yeye pia alikuwa akilia ndani ya kikwembe, na kwa muda hakuna aliyekuwa na heshima ya kulinda.

Kisha nikatoa sahani. Chaki isingemsaidia, hilo nililifikiria tangu nyumbani. Nilikuwa nimefunga uzi mnene juu ya sahani yake, mmoja katikati, na mwingine wa kugawa nusu moja. Nikamsogezea. Vidole vyake vikaugusa uzi, vikaufuata.

"Hii ni nini?"

"Kipimo. Upande mukubwa ni lengalenga. Huku bugali. Huku ndagala."

"Binti yangu alileta hii. Nilikataa."

"Najua. Hakukuambia minye pia ninakula hiyo hiyo. Nimeleta sahani mbili."

Alielewa nilichokuwa nataka kufanya, akarudi nyuma. "Mukwe! Haifai. Muntu hakulage mbele ya mama mukwe."

"Haifai, Mama."

Vidole bado viko kwenye uzi. Halafu, taratibu, akashusha kikwembe usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Unafanana na wa mke wangu, macho tu ndiyo yalikuwa yamekwenda.

"Haya iko mu macho," akasema. "Na minye sikuone tena. Kula. Lakini tafuna nisikie, nisije nikadanganywa."

Nikala. Nilitafuna kwa kelele kama ng'ombe, mboga za mbuzi zile zile nilizozitupa ukutani. Alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Alipoamini, akaingiza vidole upande wa lengalenga, akapeleka kinywani.

"Iko kitunguu," akasema.

Macho yake hayakurudi na hayatarudi, na mguu haujaota. Anakunywa dawa. Jumapili nikipata pikipiki nakwenda, tunakula, kila mtu anamsikia mwenzake. Zipo siku anachoka na kusema bora afe, na zipo siku nami nasema hivyo, basi tunasemezana hadi chakula kipoe.

Jumatano iliyopita lori lilileta mzigo wa kwanza tangu hospitali. Ulikuwa umefungwa kwa majani makavu ya mgomba, kamba zimekazwa, mafundo yamepinda kidogo kwa sababu sasa anafunga kwa kupapasa. Ndani kulikuwa na majani ya sombe, fungu la lengalenga, na katikati yake, imezungushiwa uzi, ndizi moja. Moja tu.

Nilimwita Mama Neema aje aone. Nikachukua mkasi wa kazi nikaikata katikati, nusu nikampa yeye. Kisha tukapiga simu Kiringye, nikaiweka simu karibu na mdomo, na nikatafuna kwa nguvu.